Turubai la Theluji

Mwanangu, niliwahi kumfungia turubai la msiba mtu aliyekuwa hai. Tena hai wa kujitosheleza: yuko kwake, ameshiba, kajifunika blanketi mbili, anakoroma. Nilifanya hayo mbele ya mtaa mzima, nikiwa na akili zangu timamu na cheti changu cha kidato cha nne.

Ningependa kukwambia nilikuwa kijana. Nasaha kama hizi hunoga pale mzee anaposema alikuwa kijana, damu inachemka, dunia haijui. Lakini nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Tuseme tu ujana wangu ulichelewa kuisha.

Tulikaa nyumba moja ya zamani hapa Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani. Zile nyumba za vyumba sita, korido katikati, na uani mnakutana wote, mwenye kufua, mwenye kupika na mwenye kusikiliza ya wenzake. Mimi nilikuwa na chumba cha mbele pamoja na cherehani yangu. Ni mtu wa ndani, sikufichi. Mnazi Mmoja ni mwendo wa kumaliza karanga za kikaratasi kimoja, na bado naweza kumaliza mwaka sijapakanyaga. Dunia yangu ilikuwa kitambaa, sindano, na televisheni juu ya kabati, inayowaka tangu nafungua dirisha mpaka nalifunga.

Chumba cha nyuma alikaa Bi Tatu, mjane, mpole, mgonjwa wa presha. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Idrisa. Kanzu yake ya kwanza ya kwendea madrasa nilimshonea mimi, ikamzidi urefu, akawa anaikanyaga na kucheka. Alipokua alikwenda Marekani, mji mmoja wa kaskazini huko, akapata kazi ya kufungasha mizigo kwenye ghala. Kila Ijumaa alasiri, kwao asubuhi, alimpigia mama yake simu, na nyumba nzima tulijua wamezungumza nini.

Mbele, kwenye chumba kilichogeuzwa duka, alikuwepo Mama Hansa, muuza nyuzi, vifungo na zipu. Kazaliwa mtaa huu huu, na baba yake kazaliwa mtaa huu huu. Kigujarati anaongea na Mungu wake, Kiswahili anatusemea sisi, na anatusema kweli kweli.

Basi ilikuwa Februari, lile joto la Dar ambalo shati unalivaa likiwa kavu na unafika mlangoni limelowa. Televisheni ya nchi za nje ikaanza kusimulia theluji ya huko huko kaskazini mwa Marekani. Theluji yenyewe ilikuwa haijafika bado, na hilo ndilo lililoninasa. Walikuwa wanaingoja kama sisi tunavyomngoja bibi harusi. Pembeni mwa kioo waliweka saa inayohesabu kurudi nyuma. Ramani ikawa ya bluu, ikawa nyekundu, jioni ikawa zambarau. Bwana mmoja kavaa koti nene amesimama kando ya barabara kavu, hakuna hata chembe iliyodondoka, anasema kwa sauti ya mtu aliyetumwa kuleta taarifa ya kifo. Kila nikibadilisha uzi, theluji imekua. Asubuhi ilikuwa kubwa ya mwaka huo. Mchana ikawa kubwa ya miaka mingi. Saa kumi ikawa haijapata kuonekana.

Nami nikazama. Mguu unakanyaga cherehani, macho yako juu ya kabati, na mwili uko kati, haupo huku wala kule. Nilikuwa nikishona mashuka ya pamba, na vumbi la pamba likipanda na kushuka kwenye mwanga wa dirisha, taratibu, na mimi nikaacha kuona vumbi. Niliona theluji inashuka Kariakoo. Inashuka juu ya mabati yenye kutu, juu ya mafungu ya nyanya, juu ya mikokoteni na migongo ya wanaoisukuma. Barabara ya Msimbazi nzima nyeupe. Honi zimenyamaza, basi la mwendokasi limesimama katikati ya njia kama kabati lililofunikwa shuka, wapiga debe wamefunga midomo na pumzi zinawatoka kama moshi wa sigara. Kimya kikubwa, safi, sijawahi kukisikia mtaa huu tangu nizaliwe. Nilikuwa natoka jasho mpaka viganjani, na nilikuwa nasikia baridi. Mwanangu, ilikuwa raha! Ndiyo maana nakwambia habari hii. Kutisha kwa kitu kilicho mbali kuna utamu wake.

Halafu mimi nilikuwa nimefaulu Jiografia. Mwalimu wetu alitufundisha theluji kwa kuchora mlima ubaoni na kuusugua chaki kileleni, na hiyo ndiyo theluji yote niliyowahi kuikaribia. Lakini ilitosha. Nikawa bingwa wa nyumba. Jioni watu wanatoka uani na vigoda vyao, wanajaa mlangoni kwangu.

"Mzee Kibwana, leo imefika wapi?"

"Imebakiza saa ishirini."

"Itazidi mafuriko ya Jangwani?"

"Jangwani?" Nikacheka kwa pua. "Jangwani maji yanakuja, yanakwenda zake. Hii ikija inakaa. Inafunika mlango, inafunika dirisha, mtu anabaki ndani kama chapati kwenye hotipoti."

Wakacheka. Bi Tatu alikuwa amekaa nyuma kabisa, kauma pindo la kanga. Nilimwona. Tafadhali shika hapo: nilimwona, na bado nikaongeza sauti.

Ijumaa ikafika, alasiri ikapita, simu haikulia. Bi Tatu akapiga mwenyewe, haipatikani. Akaja kwangu akasimama mlangoni.

"Kaka Kibwana, wewe unayeitazama. Mbona hapatikani?"

Nilikuwa na jibu la kweli, la neno moja: sijui. Badala yake nikamwambia minara ya simu itakuwa imeangushwa. Nani aliniambia? Hakuna. Lilinijia tu mdomoni, nikaona linakaa vizuri.

Usiku ule hakula. Jumamosi hakula, na vidonge vyake vya presha akaviacha kwenye karatasi, kwa sababu alikuwa hawezi kuvimeza tumbo tupu. Ndipo nami nikaanza kuogopa, ila mtu aliyekwisha kuwa bingwa harudi nyuma kirahisi. Nikaona dawa ni kumsomea mtoto dua. Jumapili asubuhi nikamwita maalimu wa madrasa na wanafunzi wake waje alasiri, nikaazima mikeka. Jua lilikuwa kali, nikaagiza turubai. Na kwa kuwa wazee hawawezi kukaa chini muda mrefu, nikaagiza mabenchi. Vijana wakafunga kamba kutoka kwenye nondo za duka la Mama Hansa mpaka nguzo ya umeme, wakapanga mabenchi safu mbili, wakaondoka. Nikatazama kazi yangu, nikaridhika, nikaingia ndani.

Wewe umezaliwa mji huu, unajua nilichokifanya. Turubai likifungwa mbele ya nyumba, hakuna muziki, mabenchi yamepangwa, hapa kwetu hakuna anayeuliza. Mpita njia wa kwanza alikaa, akainamisha kichwa. Wa pili akakaa pembeni yake. Waliotoka kuswali adhuhuri wakaja moja kwa moja, kofia kichwani. Wanawake wakajitanda kanga, wakapita korido mpaka uani, na wa kwanza kufika akaanza kulia, na wa pili hawezi kunyamaza mwenzake analia. Mama Hansa alishusha mlango wa duka mchana kweupe kwa heshima. Huko nje mmoja anauliza kwa kunong'ona, nani? Anajibiwa, wa kwa Bi Tatu. Wa pembeni anasikia, ni Bi Tatu. Mtu akainua simu akapiga picha: turubai, mlango wetu, watu wameinama.

Na mimi nilikuwa wapi? Ndani. Natazama theluji.

Nilishtuka kusikia kilio. Nilipofika uani, Bi Tatu alikuwa ndiyo anatoka chumbani kwake kuswali, tasbihi mkononi, anajua watu wamekuja kwenye dua. Wanawake wakamwangukia shingoni. "Pole mwenzetu. Mungu akupe subira." Akasimama katikati yao, akinitafuta kwa macho. Akanipata.

"Kibwana," akasema, pole pole kabisa, "umejua tangu lini?"

Alidhani nimepata habari nikamficha, nikawaita watu kabla yake. Nikafungua mdomo, na mara ya kwanza wiki ile, mdomo ukawa mtupu. Akaanguka.

Tulimpakia bajaji mpaka zahanati. Mama Hansa alipanda naye, kichwa cha Bi Tatu mapajani mwake. Mimi nilikaa mbele, nusu ya tako hewani, namshikilia dereva. Nesi akatazama kile kipimo cha presha, akakitazama tena, akamwita daktari mbio.

Pale kwenye benchi la nje Mama Hansa akanigeukia.

"Idrisa amekufaje?"

"Hajafa."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama Hansa. Ilikuwa dua."

"Dua!" Akanitazama tangu kandambili mpaka kofia. "Na mimi nimelia, Kibwana. Nimelia machozi yangu mwenyewe!"

Saa kumi na mbili jioni Bi Tatu akafumbua macho. Alikuwa hajatamka neno simu yake ikalia mkobani, namba ngeni, ndefu. Mama Hansa akapokea, na hata mimi niliyesimama mlangoni nikaisikia sauti ya Idrisa, inalia kama ya mtoto.

"Wamemzika saa ngapi?"

Mama Hansa akamwekea Bi Tatu simu sikioni.

"Nani azikwe?" akasema Bi Tatu. "Idi. Mwanangu. Ni mimi."

Kule kukawa kimya. Kimya kile nilichokiota, mwanangu, kikubwa na safi. Sikukitaka tena.

Mambo yalikuwa hivi. Theluji ilifika kweli, na ilikuwa nyingi kweli, sikuzuii kuamini. Umeme ukakatika tangu Alhamisi. Idrisa alikuwa amenunua mkate, maziwa na mishumaa kama alivyoambiwa, akafunga mlango, akalala. Simu akaizima, abaki na chaji kidogo ya dharura. Hakuwa na haraka ya kumpigia mama yake, kwa sababu, alisema, mama hata theluji haijui, atakuwa na wasiwasi gani? Asubuhi ya Jumapili ya kwao akaiwasha dakika moja amsalimie. Akakuta picha imetumwa na rafiki wa mtaani. Mlango wetu, turubai, na maneno chini yake: Bi Tatu wetu katangulia. Simu ikazimika mkononi.

Akavaa viatu vya kazini na koti, akatoka. Siku ambayo mji mzima umeambiwa usitoke, yeye alitoka, akatembea kwa miguu theluji ikimfika magotini, mpaka nyumba ya mwenzake wa kazini iliyokuwa na jenereta, ili apige simu aulize mama yake amezikwa lini. Mguu wa kushoto uliganda. Vidole viwili daktari hakuweza kuviokoa.

Alikuja likizo miaka miwili baadaye. Bi Tatu alikuwa mzima, na yuko mzima mpaka leo, Mungu ashukuriwe. Idrisa akavua viatu mlangoni kwangu kama alivyolelewa, akavua na soksi kwa ajili ya joto, nikauona ule mguu kwenye sakafu yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akaniwekea mfuko mezani. Ndani yake koti, lile nene la kwenye televisheni, lenye manyoya shingoni. "Nimesikia unapenda theluji, mzee," akasema, akacheka, cheko lake lile lile la kukanyaga kanzu. Nikacheka na mimi. Halafu nikainama nikatafuta sindano chini, ambayo haikuwa imeanguka.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe ambaye kioo chako kiko mfukoni wala hakikai juu ya kabati. Habari kubwa ya mbali ikikufikia, kabla hujafungua mdomo, tazama waliokaa mlangoni kwako. Kati yao mmoja ana mtu wake huko. Huyo mara nyingi hukaa nyuma na hasemi kitu. Zungumza kama vile yuko peke yake mbele yako. Wale wa kwenye kioo kazi yao ni kukufanya usiondoke, na kesho watakuwa na tufani nyingine. Bi Tatu hawamjui. Wewe unamjua. Usiongeze kitu ambacho hukukiona, hata kama kinakaa vizuri mdomoni. Jifunze kusema sijui, na uliseme bila aibu, maana ningelisema siku ile lingemwacha mama wa watu ale, ameze vidonge vyake, alale. Picha ya mlango wa mtu usiitume kabla hujaingia mlangoni ukauliza. Na ukisikia utamu moyoni wakati unaeleza balaa, nyamaza, kunywa maji.

Mwenyezi Mungu akupe masikio mapana na ulimi wa kusubiri. Walio mbali nawe awaweke majumbani mwao wameshiba na milango imefungwa, na kila unayempenda akipiga simu, apokee aliyekusudiwa.

Hapo nilidhani nimemaliza. Nikaenda na karatasi nilizoandikia nasaha hii dukani kwa Mama Hansa kununua uzi mweupe, nikamsomea yote, tangu juu mpaka chini. Alisikiliza huku anapanga vifungo kwenye kopo, hakunikatiza hata mara moja, jambo ambalo lilipaswa kunitahadharisha. Akafunga kopo, akasema:

"Umewashauri watoto wa watu wote, Kibwana, na Idrisa hujamwomba radhi mpaka leo. Simu unayo."