Mapaja ya Radjabu

Kama unangoja hadithi ya shujaa, pita tu. Hapa iko karani mmoja wa Magarama, mtaa wa Gitega, iko mashine, na iko mtoto wa miaka mitano.

Karani ni Radjabu. Baba yake alikuwaka fundi cherehani hapo Gitega, na Radjabu alikulia chini ya cherehani, katikati ya vipande vya vitenge. Kushona hakukumwingia. Kuandika kwa mashine ndiko kulimwingia, akajifundisha mwenyewe, mpaka vidole vikawa vinakimbia kuliko mdomo. Vita ilipoleta mashirika ya misaada mjini, shirika moja likamchukua aandike raporo: watu wa Itaba wamepata maharagwe, watu wa Gishubi bado wanangoja mahema. Mwaka wa 2003 shefu wake, Mkenya mmoja mcheshi, akamkabidhi ordinateri ya kukunja, nene kama tofali.

"Hii inaitwa laptop, ndugu yangu," Mkenya akasema. "Lap ni paja. Top ni juu."

Yule alikuwa anaeleza jina tu. Radjabu akaichukua kama sheria. Ya juu ya paja ni ya juu ya paja! Ukiiweka ku meza umeishusha cheo. Basi kila alasiri alitoa kiti mbele ya nyumba, akapitisha waya dirishani, akabana magoti, akaipakata. Watu waliokuwa wanaenda dukani walipunguza mwendo wamwone. Na yeye alipenda waonwe wakimwona, tusidanganyane.

Mashine ilikuwa inanguruma kama paka mgonjwa, na ilichemka. Mwanzo joto lilikuwa tamu, maana Gitega mwezi wa sita baridi inauma. Halafu joto lenyewe likaanza kuuma.

"Baba Shakila, si uiweke ku meza?" mke wake Zaituni alimwambia.

"Hii si ya meza."

"Na hiyo jasho?"

"Ni kazi, Mama Shakila. Kazi inatoaga jasho."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka ya Baguma, Mkongomani wa Bukavu, muuza vitenge, mdomo hauna mlango. "Radja!" alipiga kelele. "Imbabura yako ya makaa imewaka? Nikuletee mahindi uchome?"

"Cheka tu. We unapima vitenge, mi niko naandika."

"Andika, andika! Lakini mayai yako yakiiva, usiyale peke yako!"

Barabara nzima ikacheka. Radjabu naye akacheka, meno tu. Alipoenda kuoga aliona mapaja yamechorwa madoa ya kahawia kama wavu, na la kushoto limechubuka. Hakumwambia mtu. Kumwambia Zaituni ilikuwa ni kuikubali meza.

Sasa, mapaja yale yalikuwa na mwenyewe kabla ya mashine. Yalikuwa ya Shakila, binti yake. Radjabu akirudi kazini, akikaa, mtoto alipanda bila kuuliza, kama mtu anaingia kwake. Na bunduki zikilia mlimani, maana miaka ile zililia, Shakila hakumkimbilia mama. Alikimbilia pale. Baba alimpakata, akamziba masikio kwa viganja, na kwa mtoto vita ilikuwa imekwisha.

Mashine ilipokuja, mambo yakawa hivi:

"Baba, nipakate."

"Subiri."

"Baba."

"Nimesema subiri!"

Mtoto alikaa chini karibu na kiti, akapakata ndala ya baba yake.

Alasiri moja watu walikuwa wanashuka toka Itaba tangu asubuhi, mikeka kichwani. Radjabu alikuwa ametoka tu kufunga mashine na kuiweka chini. Bunduki ikalia karibu. Shakila akatoka ndani mbio, akaruka, na magoti yake yakatua pale pale ngozi ilipochubuka.

"Toka! Unaniunguza!" Radjabu akapiga kelele, akamsukuma.

Alitaka kusema unaniumiza. Lakini wiki nzima alikuwa anawaza moto, na mdomo ukatoa moto. Mtoto akaanguka chali. Hakulia, akabaki anaangalia viganja vyake. Bunduki ikalia tena, Radjabu akainama kuokota.

Akaokota mashine.

Ilikuwa ya shirika, ndiyo. Ikivunjika kazi imekwisha, ndiyo. Sababu zote anazo mpaka leo, ndevu zimekuwa nyeupe, na hakuna hata moja inayomsaidia kitu. Mtoto aliokotwa na Zaituni.

Wiki iliyofuata wakampeleka Muyinga kwa mama yake Zaituni, ambako kulisemwa kuna afadhali. Penye gari Radjabu alinyoosha mikono. Shakila akampa ncha za vidole, akazirudisha haraka.

"Amenuna," Radjabu akasema. "Atasahau."

"Mtoto hasahau," Zaituni akajibu. "Anaweka."

Mwisho wa mwaka bunduki zikapungua, Radjabu akaenda Muyinga kumchukua. Mama mkwe alimpokea mlangoni, na hata salamu hazijaisha akasema, "Mkwe wangu, mtoto huyu mlimfanya nini?"

"Kwa nini, mama?"

"Hapakatwi. Mi nikimvuta, anakimbia. Jirani amejifungua, watoto wote wanagombania kushika kichanga, yeye anaficha mikono mgongoni. Anasemaga atakiunguza."

Bibi akaenda jikoni. Radjabu akakaa ku mkeka na msuli wake, akaita. Shakila alikuja mpaka katikati ya chumba, akasimama. Alikuwa amerefuka.

"Kuja baba akupakate."

"Hapana, baba. Mi nachomaga."

"We huchomi, mwanangu. Ni ile mashine."

"We ulisema ni mi."

Radjabu akapandisha msuli juu ya goti, amwonyeshe kazi ya mashine. Madoa yalikuwa bado yako, kahawia, kama wavu. Mtoto aliyaangalia, macho yakajaa maji.

"Nilikuchoma hivyo?"

"Ni mashine! Wallahi ni mashine!" Kila neno lilikuwa kweli, na hakuna lililoingia. Karani aliyeandikia watu wa vilima vizima akakosa sentensi moja ya mtoto wake.

"Pole, baba," Shakila akasema.

Akaenda jikoni, akarudi na kile kitambaa bibi anachoshikia sufuria ikitoka motoni. Akakikunja mara mbili, akakitandika ku mapaja ya baba yake, akakinyoosha vizuri kila upande. Halafu akakaa, pembeni kabisa, miguu ikibaki chini inabeba uzito wote.

Radjabu hakusogea. Aliogopa hata kumgusa kichwa.

"Imeanza kuuma?" mtoto akauliza.

"Bado," Radjabu akajibu, bila kufikiri.

Neno limeshatoka ndipo akalisikia. Shakila akashuka kabla haijaanza kuuma, akakunja kitambaa, akakirudisha jikoni.