Wattie na Vita Alivyopigana Mezani

Wattie Lennox hajapata kushika bunduki maishani mwake. Vita vya Hitler vilimkuta yuko shule huko Paisley, na alipofika umri wa kuitwa jeshini daktari alizitazama nyayo zake, bapa kama za bata, akamrudisha kwao. Akawa fundi bomba. Akamwoa Nan, shoga yangu, akahamia kijijini kwetu Portgarrow, na mpaka leo, nywele zimeshamwisha, tunamwita mgeni.

Alipostaafu akaanza kuchimba habari za batalioni yetu, kikosi cha vijana wa huku waliopigana vita vile. Kila mzee aliyekuwa bado hai alifuatwa na Wattie na maswali yake. Ramani zikaijaa meza ya Nan.

"Sasa mimi nile wapi?" Nan akimwuliza.

"Kula popote, mama, ila kikombe usiweke hapo. Hapo ni mji wa Abbeville."

Kumkaribisha chakula ndio balaa. Njegere wanakuwa Wajerumani, viazi ndio vijana wetu, na mchuzi ndio Mto Somme. Siku moja nilimwambia, "Shemeji, uwale hao Wajerumani wako kabla hawajapoa."

Basi mwaka wa tisini na mbili akaombwa asome habari za batalioni ukumbini, Jumapili ile ya Novemba ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Nan hakutulia kwa furaha. Baba yake, Alexander Slater, Sandy kwetu sote, alitekwa Ufaransa mwaka wa arobaini akafia kambini kwa homa ya mapafu, Nan hajajua hata kutembea. Alikuwa askari wa namna gani? Hakuna aliyewahi kumwambia. Wattie alimwahidi kwamba atalisikia jibu mbele ya watu wote.

Wiki chache kabla ya siku yenyewe, Wattie akaacha kupigana mezani. Alikula njegere kama njegere. Nikajua hapa kuna jambo, nikamfuata bandani kwake.

"Shemeji, una nini?"

"Sisomi, Bi Elspet. Nitasema naumwa." Akanitolea karatasi ya jeshi. "Alexander Slater aliadhibiwa. Aliacha zamu yake na adui yuko mbele. Baba wa Nan alikimbia! Nikamsomee hivyo mbele ya kijiji kizima?"

"Slater yupi?"

"Sandy Slater."

"Sandy Slater yupi, wewe mtu wa Paisley?"

Akanitumbulia macho. Kwetu koo nne ndizo zilizozaa kijiji kizima, na zote zinapenda majina yale yale, kwa hiyo kila nyumba ina jina lake la pembeni. Baba wa Nan alikuwa Sandy Karoti. Baba yangu mdogo, naye Sandy Slater, naye batalioni hiyo hiyo, alikuwa Sandy Shavi. Ukisema Sandy Slater tu, hata posta watakucheka.

"Wazee waliponieleza waliyataja hayo majina," akasema polepole. "Niliyafuta yote mimi mwenyewe. Mtu amefia vitani, nimwite Karoti? Niliona si heshima."

"Heshima yako itatumaliza. Vaa koti."

Tukaenda nyumba ya wazee kwa Dod Smith, tunayemwita Dod Bobini, wa mwisho aliyebaki katika kundi lao, kiziwi kama mlango. Wattie akasimama wima.

"Bwana Smith! Yule Alexander Slater aliyeadhibiwa..."

"Nani?"

Nikamsukuma kando. "Dod! Aliyeacha zamu ni Karoti au Shavi?"

Dod alicheka mpaka meno ya bandia yakamhama. "Shavi! Kwa ajili ya ng'ombe!"

Wakulima wa Kifaransa walikuwa wamekimbia, ng'ombe wakabaki mashambani viwele vimejaa, wanalia kwa maumivu. Shavi, aliyekulia kati ya ng'ombe kule mlimani, alivumilia wee, kisha akaweka bunduki chini akaenda kukamua. Akarudi na maziwa ndani ya kofia ya chuma, akamkuta ofisa anamngoja.

"Na Karoti?" Wattie akauliza, Dod asisikie, ikabidi nimpigie ukelele mimi.

"Karoti ndiye aliyemshikia zamu! Alikaa pale na bunduki mbili, hakubanduka. Ila maziwa aliyanywa, mwongo huyo, akaapa hakuyaona!"

Tukirudi, Wattie alitembea kama kijana. Mara akapunguza mwendo.

"Bi Elspet, ile ya baba yako mdogo nitairuka."

Nikasimama katikati ya barabara. "Uiruke? Ng'ombe walie hivyo, Slater apite tu kama hasikii? Isome! Na useme Shavi, kwa sauti, maana ukinyamaza watadhani ni Karoti."

"Na adhabu?"

"Nayo isome. Aliipata kwa haki, na asingejuta kukamua."

Jumapili ile ukumbi ulijaa. Wattie alianza na majenerali wake, watu wakawa wanatazama dari. Alipotamka "Sandy Slater Karoti" viti vyote vikalia, watu wakainama mbele, na mtu nyuma kule akasema, "Ah, huyo!" Nan alikuwa kando yangu, mkoba mapajani, hapepesi macho. Akasikia ng'ombe, akasikia bunduki mbili. Wattie alipofika kwenye maziwa ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na Nan akacheka huku machozi yanamshuka, kisha akasimama, yeye ambaye hajawahi kusema neno hadharani.

"Wattie," akasema, "rudia hapo baba alipokunywa."

Akarudia.