Kofia Zilizorudi kutoka Wodini

Kila Jumamosi alasiri wanawake tisa waliingia katika darasa la chekechea na kukaa kwenye viti ambavyo havikutengenezwa kwa ajili yao. Magoti yaliwafika kifuani. Ukutani kulikuwa na picha za wanyama na namba kubwa za rangi. Mezani, mahali pa madaftari, palijaa madonge ya uzi, sindano, mikasi, na chungwa moja. Chungwa ndilo lililokuwa kipimo. Kofia ikilivaa bila kubana wala kupwaya, ilikuwa tayari kwenda hospitalini kwa watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya miezi yao kutimia, ambao vichwa vyao havizidi chungwa na joto la mwili huwatoka utosini kama mvuke wa chai.

Aliyeleta chungwa ndiye aliyeanzisha kikundi. Alifua mashuka ya hospitali hiyo hiyo kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu, mgongo umekataa na viganja vimechubuka kwa dawa, alisema hawezi kukaa nyumbani kumtazama mumewe akisikiliza redio. Wanachama walimwita Mwenyekiti, na jina likamganda. Wauza mboga walimwita Mwenyekiti, wajukuu walimwita Bibi Mwenyekiti, na mumewe akitaka chai aliuliza kama ombi lake linaweza kuingizwa kwenye ajenda.

Alikuwa mkali. Mikono inaoshwa mpaka kwenye kiwiko. Nailoni ni ya kufungia magunia, haigusi kichwa cha mtoto. Kitanzi kikiruka unafumua, hata kama umebakiza safu mbili, hata kama macho yanakutoka machozi.

"Huyu hana mafuta mwilini, hana nyusi, hana wa kumsemea," alikuwa akiwaambia. "Ana kofia yako tu."

Jumatatu asubuhi alizipeleka. Jumamosi iliyofuata waliuliza, na hapo ndipo sura ya Mwenyekiti ilipolainika.

"Mwenyekiti, ile yangu ya kijani?"

"Imekwenda nyumbani Jumatano. Mama mtu anakusalimu sana."

"Na ya mistari?"

"Hiyo imembana mwenyewe! Kanenepa, mashavu haya. Sista anasema analia mpaka wodi nzima inaomba msamaha."

Wakacheka, sindano zikaendelea.

Ulikuwa uongo. Wako waliokwenda nyumbani, ndiyo, lakini si wengi kama alivyosema, na hakuna mama aliyemtuma salamu. Mwaka wa kwanza aliwahi kusema kweli, mara moja tu. Msichana mmoja mgeni aliulizia kofia yake ya kwanza, naye akamjibu kwamba mtoto amefariki. Msichana akaziweka sindano mezani polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtu, akatoka. Hakurudi. Wiki iliyofuata wengine wawili walipata udhuru. Wakabaki wanne, na wodini walilala watoto kumi na mmoja. Tangu siku hiyo Mwenyekiti alijifunza kutunga.

Na si uongo tu aliokuwa akiubeba. Mtoto akifa, baadhi ya akina mama walimzika na kofia yake. Wengine waliiacha kitandani, kwa sababu hakuna mkono unaoweza kuichukua. Muuguzi wa wodi, mwanamke mwembamba ambaye kila mtu alimwita Sista, alizikusanya kwenye mfuko.

"Nizitupe, mama?" aliuliza mara ya kwanza.

"Utupe nini? Lete hapa."

Uzi laini ulikuwa umeadimika. Mwenye duka alikwishaacha kuuleta, akisema wanunuzi wanataka nailoni yenye kumeta. Kwa hiyo Mwenyekiti alizichemsha zile kofia uani kwake, kama alivyochemsha mashuka maisha yake yote. Lakini kumvika mtoto mwingine kofia ile ile roho yake ilikataa. Alizifumua. Uzi ukifumuliwa hutoka na mawimbi, kila kitanzi kimeacha alama yake. Basi aliuloweka, akauanika kwenye kamba na kuufunga chupa ya maji kwa chini, uvutike, unyooke, usahau. Siku hizo mumewe alipunguza sauti ya redio.

Uzi ulionyooka ulirudi mezani Jumamosi. "Nimepata kwa mtu," alisema. Na wakafuma tena.

Mambo yaliharibika siku aliyoharakisha. Uzi wa bluu ulikaa kwenye kamba nusu siku tu, mvua ikaja, akauanua haujakauka sawasawa. Jumamosi donge likaangukia mikononi mwa karani wa mahakama, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye jicho la kuona nukta iliyopungua. Alifuma safu mbili, akasimama. Akauvuta uzi, akaupeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Uzi huu umeshafumwa."

"Hata mimi nimeshatumika," alisema Bibi Miwani, mzee kuliko wote, "na bado nafanya kazi."

Kicheko kikalipuka. Karani hakucheka. Alikuwa anauburuta uzi kati ya vidole, pindi baada ya pindi, mpaka akafika mahali rangi ilipofifia ikawa karibu nyeupe.

"Huu niliutia rangi mimi. Rangi iliniishia hapa. Mnakumbuka? Mkanitania kwamba nimefuma anga yenye wingu." Akamgeukia Mwenyekiti. "Uliniambia imekwenda nyumbani."

"Labda... mama yake aliirudisha. Watu wengine wana shukrani, wanarudisha ili..."

"Mwenyekiti."

"Mtoto akikua, si..."

"Mwenyekiti, niangalie usoni. Yuko wapi mtoto?"

Mwenyekiti aliangalia mikono yake. Ajabu ni kwamba uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni, mzima, na mashavu yake na salamu zake. Haukutoka.

"Alikufa," alisema. "Siku ya tatu."

Wakaanza kuuliza wote, mmoja baada ya mwingine, na safari hii aliwajibu. Ya kijani? Alikufa. Ya mistari? Alikufa, yule alizikwa nayo. Ya njano yenye kifundo? Huyo kweli alikwenda nyumbani, naapa. Lakini nani angemwamini sasa? Fundi cherehani, mama mpole aliyekuwa hajawahi kupandisha sauti, alijifunika uso kwa kofia aliyokuwa akiifuma.

"Kwa hiyo tunafuma sanda," alisema Karani. "Miaka minne tunafuma sanda, halafu tunapelekewa salamu."

"Ningewaambia, mngebaki?"

"Hukutupa nafasi ya kubaki! Umetufanya watoto. Angalia hata viti tunavyokalia!"

Hilo lilimchoma Mwenyekiti, maana kila neno lake lilikuwa kweli. Ndipo Karani, bado amesimama, akauliza swali ambalo mtu alipaswa kuuliza siku ya kwanza. Wanakufa kwa nini?

Mwenyekiti alijua, akawaeleza. Kila Jumatatu aliiona sababu kwa macho yake. Wodi ilikuwa na mashine tatu za kuwatia watoto joto. Mbili zilikuwa mbovu mwaka wa tatu huo, zimefunikwa shuka, na juu ya shuka yamepangwa mafaili. Katika moja iliyobaki walilazwa watoto wawili wawili, kichwa huku na kichwa kule. Ghorofa moja juu yake, katika ofisi ya daktari mkuu, kipoza hewa kilifanya kazi vizuri kiasi kwamba katibu wake alivaa sweta. Mlangoni ilitundikwa picha ya kikundi, wanawake tisa na daktari mkuu katikati, na chini yake maandishi: Upendo Hutia Joto.

"Basi ndiyo kazi ya kofia zetu," alisema Karani. "Kuwapa wakubwa hawa usingizi. Kwa nini watengeneze mashine, na sisi tunaleta kofia?"

Akatoa hoja. Kuanzia siku hiyo kofia zisipelekwe. Jumatatu waende wote mikono mitupu kwa daktari mkuu, na hawatafuma tena mpaka mashine zitengenezwe.

"Na atakayezaliwa Jumatatu?" aliuliza Mwenyekiti.

"Na watakaozaliwa miaka kumi ijayo?"

Wote wawili walikuwa na haki, na hiyo ndiyo dhuluma kubwa aliyoifanya yule mtu wa ghorofani: kuwapambanisha maskini na maskini juu ya kipi cha kuokoa. Wakapiga kura. Mikono saba ilinyooka. Bibi Miwani hakunyoosha. Alisema bega linamuuma. Mwenyekiti aliandika uamuzi kwenye daftari kwa mkono wake na kuutia sahihi.

Jumatatu walikaa kwenye benchi nje ya ofisi tangu saa mbili asubuhi, wamejipanga kama watu waliokuja kung'olewa meno. Katibu aliwaambia daktari mkuu yuko kikaoni. Saa nne bado yuko kikaoni, na wakamsikia akicheka peke yake kwenye simu. Saa tano Sista alipanda ngazi mbio, aproni imelowa.

"Mama, nakutafuta! Umeleta? Amezaliwa alfajiri, wa kike, hafiki hata kilo. Mashine imejaa. Nimemfunga pamba kichwani, inadondoka."

Wanawake wanane walimtazama Mwenyekiti.

"Tulikubaliana," alisema Karani kwa sauti ya chini. Hakukuwa na ukali ndani yake. Ilikuwa karibu na kuomba. "Leo tu. Akituona tumekunja mikono, atatusikia. Tafadhali, mama yangu."

Mwenyekiti alikuwa nayo. Aliifuma Jumapili, mumewe akimtazama, na kuiweka kifuani chini ya blauzi, akijiambia kwamba haibebi kwa nia yoyote. Ikawa inamuwasha asubuhi nzima. Sasa aliingiza mkono, akaitoa, ya moto kwa joto la mwili wake, na kumwekea Sista kiganjani.

Mlango ulifunguka wakati huo huo. Kama daktari mkuu angekawia dakika moja zaidi kwenye simu yake, pengine mambo yangekuwa mengine. Hakukawia. Alimwona Sista ameshika kofia, akawaona wanawake kwenye benchi, uso ukamchangamka.

"Akina mama wetu! Mmekuja nazo mpaka ofisini! Katibu, lete simu, tupige picha."

"Hatukuja na kofia," alisema Karani akisimama. "Tumekuja kuhusu mashine."

"Mashine, mashine. Andikeni barua, mama. Hata hivyo," na hapo aliishika ile kofia kwenye ncha ya vidole, akaiinua juu, "nani anahitaji mashine akiwa na nyinyi?"

Sista alimpokonya. Naam, alimpokonya daktari mkuu kofia mkononi, akashuka ngazi bila kuaga. Picha ikapigwa bila kofia. Katika picha hiyo, iliyotundikwa baadaye, Karani anatazama pembeni.

Wakateremka hadi getini wote tisa. Hapo Karani aligeuka.

"Ulitudanganya miaka minne kutulinda. Leo umetuuza kwa kofia moja."

"Kwa mtoto mmoja."

"Ndiyo," alisema Karani, macho yamemjaa machozi. "Na ndivyo wanavyotushinda kila siku. Kwa mtoto mmoja mmoja."

Mwenyekiti alitamani kumshika mkono, lakini Karani alishaondoka, na wengine wakamfuata kwa vikundi vya wawili wawili, wakiongea kwa sauti ya chini.

Jumamosi darasani alikuwapo yeye na Bibi Miwani. Viti saba vilibaki vimepangwa kimoja juu ya kingine kwenye kona. Walifuma safu baada ya safu.

"Yule wa Jumatatu?" aliuliza Bibi Miwani bila kuinua macho.

"Alikufa Alhamisi."

Bibi Miwani alimaliza safu yake, akageuza sindano. "Kofia ilimkaa?"

"Ilimkaa."

Saa kumi mlango uligongwa. Karani aliingia na karatasi kwenye faili, nguo zake ni za kazini. Hakusalimu, hakuvuta kiti.

"Naandika barua," alisema. "Kwa wakubwa wa yule daktari, na nakala kwa magazeti. Wametia sahihi sita. Lakini barua bila tarehe za vifo ni kelele tu. Hospitalini hawatanipa daftari." Alifungua faili. "Wewe unazikumbuka."

"Nazikumbuka zote."

"Basi nitajie."

Mwenyekiti aliweka sindano chini. Akafumba macho kidogo, kama mtu anayetazama kamba yake ya kuanikia, kisha akaanza. Ya kijani, Jumatano ya pili ya mwezi wa kwanza, wa kiume, aliishi siku mbili. Ya mistari, wiki hiyo hiyo, wa kike, aliishi saa tisa tu. Nyeupe mbili, mapacha, siku moja. Karani aliandika amesimama, faili limeegemea kwenye mkono, na Bibi Miwani akavua miwani yake na kuishika mapajani. Walifika mwezi wa tano. Walifika mwezi wa saba.

"Bluu," alisema Mwenyekiti, "tarehe kumi na moja, wa kiume, siku ya tatu."

Kalamu ilisimama.

"Ile yangu?"

"Yako."

Karani alivuta kimoja cha vile viti vidogo, akakaa, magoti yakamfika kifuani. Akaandika.

"Endelea," alisema.