Daftari la magoli la Papa Divine

Leo nusura daftari la marehemu mume wangu lichorwechorwe mbele ya macho yangu.

Mnaoijua saluni yetu hapa mtaani Overport mnalijua. Papa Divine aliandika humo kila goli la mshambuliaji wake wa Brazili, klabu baada ya klabu, hata mechi za kirafiki. "Mpira ukiingia wavuni, umeingia," alikuwa akisema huku ananyoa.

Asubuhi wateja walianza ubishi uleule, kama magoli ya kirafiki yanahesabiwa. Nikalitoa daftari ili limalize maneno.

Kosa langu.

Serge, mpinzani wa Papa Divine katika ubishi huo miaka yote, akalinyakua, kitambaa cha kunyolea bado shingoni.

"Goli ya kirafiki si goli! Leo ninazifuta zote."

Akachukua kalamu.

"Serge, weka chini," nikasema. Mashine zikazimwa.

Kalamu ikagusa karatasi. Halafu ikasimama.

Akasoma polepole: "Mechi ya kirafiki. Goli la kichwa. Nimeliona kwenye simu ya nesi. Divine amezaliwa, mama yake mzima."

Eish. Tangu mazishi sijaweza kulifungua. Sikujua kama aliandika hayo siku mtoto wetu alipozaliwa.

Serge hakufuta kitu.

"Mama Divine, yule Mbrazili bado anacheza. Jumamosi amefunga tena. Nani ataandika?"

Nikamwambia aandike yeye, na aseme alikuwa wapi.

Ameandika: "Nilikuwa nyumbani. Sikuwa na wa kubishana naye."

Kurasa zimebaki nyingi. Ninyi mlikuwa wapi Jumamosi?