Kompyuta ya Wakonyo Ilipokataa Uso wa Auma

Wakonyo ni dada ya mume wangu, na kitu asichoweza kuvumilia ni nafasi tupu. Chini ya kitanda chake kule Kalimoni kumejaa viazi, juu ya kabati ni mablanketi, na hata sufuria ikikaa bure ataitia vitunguu. Alipoacha kazi ya kupanga nanasi kiwandani akafungua saiba, duka la kompyuta na uchapaji, hapa Kamenu, alikuja na roho hiyo hiyo. Mimi huuza parachichi mlangoni pake, na mwanangu Emmah hucheza chini ya meza ya kompyuta, kwa hivyo haya niliyaona mwenyewe.

Ndani ya kompyuta kuna nafasi nne za kuchomeka ram, vile vijiti vinavyoshikilia kazi wakati unaifanya. Mbili zilikuwa tupu, na jambo hilo lilikuwa likimsumbua. Wiki moja alienda Ruiru, akarudi na ram mbili za mtumba, akazichomeka.

"Sasa imeshiba," akaniambia.

Kweli ikawa na mbio. Mara moja moja ilizima na kujiwasha, tukasema ni stima.

Halafu wakaja Dalmas na mkewe Aketch, majirani wetu wa ploti ya nyuma. Mtoto wao Auma alikuwa amechukuliwa na nimonia. Alikuwa rika la Emmah. Kesho yake wangesafiri kwao Ugenya kumzika, na walitaka programu ya mazishi, kile kijitabu cha ratiba, yenye picha yake. Dalmas akatoa ile kadi ya simu inayohifadhi picha.

"Zitoe picha zote, Wakonyo. Nataka nafasi ya kuchukua video ya mazishi."

Wakonyo hakunakili. Alizihamisha, kadi ikabaki bila kitu. Picha nyingine za mtoto hazikuwako popote.

Akafungua ya kwanza, akaivuta ijae ukurasa. Macho ya Auma yalipotokea tu, skrini ikawa buluu, ikazima. Akawasha tena. Barua za watu zilifunguka vizuri. Akarudi kwa Auma, macho yakaja, ikazima. Safari ya tatu nilimvuta Emmah kutoka chini ya meza nikamfunga mgongoni.

"Hataki kwenda," Aketch akasema.

"Nyamaza, Aketch. Ni mashine."

"Kama ni mashine, mbona barua za watu zinafunguka?"

Kwao Ugenya, gari la maiti likikataa kuwaka njiani, mtu wa karibu hushuka akaongea na marehemu, akimbembeleza safari iendelee. Aketch akapiga magoti mbele ya ile skrini nyeusi, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Auma, nyathina, mtoto wangu. Mama yuko hapa. Tunakupeleka kwa dani, nyanya yako. Usikatae."

Nywele zilinisimama. Wakonyo, ambaye huongoza maombi kanisani, alikuwa akimwita Mungu kwa kunong'ona, "Ngai, Ngai," huku akitafuta namba ya Ndegwa, fundi wa Ruiru. Akaweka simu kwa spika.

"Umeweka ram ngapi?" Ndegwa akauliza.

"Zote nne."

"Wewe Wakonyo! Hiyo ni kompyuta, si stoo ya nyanya yako! Nne zikijaa na hazikutoka pamoja, zinaweza kukataa kusikizana. Kitu kidogo kinapita. Kitu kizito kama picha kubwa kikifika hapo, mashine inaanguka."

"Na picha nilizohamisha?" Wakonyo akauliza.

"Ulizihamisha wakati ram zote nne ziko ndani?"

"Ee."

Ndegwa akaacha mzaha. "Zima kabisa. Usiwashe kabla hujatoa zile mpya. Hizo picha huenda ziliingia zikiwa zimevunjika."

Woga wa mzimu ukanitoka, ukaingia mwingine mbaya zaidi: kwamba Aketch angebaki bila hata uso wa mtoto wake.

Wakonyo akafungua ubavu wa mashine. Akatoa ram zile mpya, akazipanga upya za zamani vile Ndegwa alivyomwelekeza, akaacha nafasi moja katikati. Akawasha. Ikalia pi, pi, pi, skrini giza. Kucha za Aketch zikaingia mkononi mwangu.

"Zima, uzisukume mpaka usikie tik," Ndegwa akasema.

Zikalia tik. Akawasha, ikawaka.

Picha ya kwanza ilikuwa na paji na macho. Kutoka puani kwenda chini ni kijivu tupu. Ya pili ilikataa kufunguka. Iliyofuata ilikuwa kijivu yote. Wakonyo akaanza kulia. "Nisamehe, Aketch. Nisamehe."

"Endelea," Aketch akasema.

Ya mwisho ikafunguka, nzima. Auma ameketi kwenye beseni, analia mdomo wazi, uji umemtiririka kidevuni mpaka kifuani. Wakonyo akaivuta iwe kubwa. Haikuzima.

Kwanza akamrudishia Dalmas ile picha kwa simu, akakataa kuendelea mpaka Dalmas aione imefunguka mkononi mwake. Ndipo akashika mausi aisafishe picha, kama afanyavyo kwa marehemu wote, wawe nadhifu.

"Ngoja nimpanguse huu uji."

Aketch akamshika kifundo cha mkono.

"Usimpanguse. Alikuwa amekataa kula, nikamlazimisha. Mwache na uji wake."

Wakonyo akaondoa mkono, akachapa hivyo hivyo.