Ungo wa Kupeleka kwa Jirani

Wametundika nyungo ukutani, rafiki yangu. Saba, kubwa kwa ndogo, zimepakwa vanishi zikang'aa, na chini yake wasichana wawili walikuwa wakipigana picha huku vikombe vyao vikipoa. Nilikuwa nimeingia katika mkahawa huo wa Ruiru kupumzisha miguu tu, maana nilikuwa nimezunguka tangu asubuhi nikitafuta mahali nilipozaliwa, na kila nilipogeuka nilikutana na lango, ukuta na mlinzi anayetaka kitambulisho. Nikaagiza kahawa. Kijana aliyeniletea akanieleza kwa fahari kwamba zamani hapa palikuwa shamba la kahawa. Nikamwambia najua, na sitaki sukari.

Nina siku kumi tu hapa nyumbani. Kwa miaka tisa nimeishi Maskati, katika nyumba ya familia moja, nikimlea binti yao. Juma lililopita niliondoka kule, na juma lijalo naanza kazi Uingereza, kutunza wazee. Watu wananipongeza. Kanisani wameniwekea mikono kichwani wakaniombea safari njema. Hakuna aliyeniuliza nimeondokaje Maskati, na ningeulizwa ningedanganya. Wewe nitakwambia, kwa sababu tumejuana siku nyingi, lakini itabidi nianzie mbali kidogo.

Tulikaa laini, yaani zile safu za vyumba ambavyo shamba liliwapa wachumaji. Chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha la ukubwa wa sinia. Tulikuwa watatu: mimi, mama yangu, na kukhu, ndivyo sisi watu wa magharibi tunavyomwita nyanya. Msimu wa kuchuma, harufu ya maganda ya buni yakichacha kule kiwandani iliingia hadi kwenye uji, na mpaka leo nikisikia kitu kimechacha nahisi njaa. Asubuhi mnyapara aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, na mama akatoka na debe lake kabla mlio haujaisha. Sisi watoto tulichuma matawi ya chini, ambako wakubwa hawakupenda kuinama. Jioni omena zilikaangwa mlango huu na ule, na mlango wa mwisho, kwa jirani yetu Mkikuyu, githeri ya mahindi na maharagwe ilikuwa ikichemka tangu mchana. Kahawa yenyewe hatukuwahi kuionja. Tulikunywa chai.

Laini ilikuwa na desturi yake. Mtu mzima akitaka kwenda safari ndefu, hakumuaga mtoto. Alimpa ungo, akamwambia, "Peleka kwa jirani." Jirani akiuona ungo mikononi mwa mtoto alijua. Aliupokea, akamwaga maharagwe ndani, akasema, "Kaa hapo usubiri nimalize." Kisha akapepeta polepole, akampa mtoto kitu kizuri cha kula, akaendelea kupepeta mpaka msafiri awe amefika barabara kuu na kupanda gari. Mtoto alirudi na ungo wake akakuta pengo. Wanawake wa laini, Waluhya, Wakikuyu na Wakamba, hawakukubaliana juu ya jambo lolote, hata kiasi cha chumvi kwenye mboga, lakini la ungo walikubaliana.

Sisi watoto wakubwa tulijua pia, na hapa ndipo ninapoanza kuona haya. Tulimvizia mtoto mwenye ungo. Tulimfuata kwa nyuma tukibana vicheko, tukakaa nje ya mlango wa jirani kumngoja, na alipotoka tukamsindikiza hadi kwao ili tumwone uso akisukuma mlango. Kiongozi alikuwa mimi. Nilikuwa na ulimi mkali, bado ninao. Kulikuwa na msichana wa mlango wa tatu ambaye baba yake alimwacha hivyo. Nilimwimbia "Ungo imepita! Ungo imepita!" juma zima, mpaka akaacha kuja bombani saa zetu.

Zamu yangu ilifika nilipokuwa na miaka tisa. Ilikuwa Jumamosi, asubuhi ya jua. Mama alikuwa ameosha kila chombo, hata sufuria iliyokuwa safi, na kukhu alikuwa amevaa leso yake ya kanisani bila kwenda kanisani. Mama akauondoa ungo kwenye msumari, akanikabidhi. Hakunitazama.

"Mpelekee jirani," akasema. "Na usikimbie, utaanguka."

Nilijua, rafiki yangu. Nani angejua kuliko mimi? Nikatoka nao. Wenzangu walikuwa wakiruka kamba mbele ya bomba, na nilipopita kamba ikasimama. Hakuna aliyecheka, bado. Nilitembea hadi mwisho wa safu, nikaona moshi wa jirani, nikasikia chapati zikipigwa kwenye kikaango, maana alikuwa ameshaambiwa anipikie chapati. Badala ya kuingia nikakata kona kwenye mibuni, nikauficha ungo chini ya mti na kuufunika majani. Akili yangu ya miaka tisa iliniambia kwamba ungo usipofika, safari haitakuwepo. Kisha nikakimbia kurudi.

Mama alikuwa mlangoni, begi mkononi, amevaa viatu vya kuazima vilivyomzidi. Nililishika gauni lake kwa mikono miwili na nikapiga yowe. Nilitegemea kwamba akiniona vile atalia, atakaa. Hakulia. Uso wake uligeuka ukawa wa mtu nisiyemjua, mwenye hasira kavu, na akanipiga kofi.

"Nani amekuambia urudi?" akasema.

Kukhu akanikamata kiunoni, akanitupa ndani, akatia komeo. Nilipanda kitanda nikaona kwa dirisha lile begi likienda, na viatu vikimpwaya kila hatua. Alikuwa anakwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, hilo niliambiwa baadaye. Mpaka alipopiga simu ya kwanza, miezi mingi mbele, ile sura na yale maneno matatu ndiyo yaliyobaki kwangu kuwa mama.

"Ungekaa kule ungekula," kukhu alisema nilipochoka kulia. "Ungemkumbuka akikwambia usianguke. Sasa utakaa na hiyo sura maisha yako yote. Umeitaka mwenyewe."

Hakuwa mwanamke wa kubembeleza. Mchana jirani alikuja na sahani.

"Wũi, kairitu, msichana wee, nimekungoja mpaka nikachoka," akasema. "Zilikuwa nne. Watoto wangu wamekula tatu. Na ungo yenyewe iko wapi?"

Kukhu akanituma nikaulete ungo kule kwenye mibuni, mbele ya watoto wote. Waliimba, bila shaka. Nilikuwa nimewafundisha vizuri. Yule msichana wa mlango wa tatu ndiye hakuimba. Alinisogelea bombani, akanitazama shavu kwa makini.

"Mimi nilipewa mandazi," akasema. "Wewe ulipewa kofi."

Chumba kilikuwa cha mchumaji, na mchumaji alikuwa ameondoka, kwa hiyo mnyapara akatupa hadi mwisho wa mwezi. Tulihamia Thika, kule Kiandutu, chumba cha mabati ambacho mvua ikinyesha hamsikilizani. Kukhu alimenya mananasi, akakata vipande, akavipanga juu ya ule ule ungo na kuviuza kwenye lango la kiwanda saa wafanyakazi wanapobadilishana zamu. Maji ya nanasi yalimla vidole mpaka akashindwa kufunga vifungo vyake mwenyewe. Nilimfungia mimi kabla ya kwenda shule, naye akanung'unika kwamba ninavuta. Nikiwa na miaka kumi na mitatu mama alirudi kwa majuma matatu. Aliniletea viatu vyekundu vizuri sana, vya mtoto wa miaka tisa. Mbele ya majirani nilimwita anti.

Siku ya kuondoka, safari hii alifanya mambo waziwazi. Alikaa kitandani, akanishika mkono.

"Leo nataka tuagane vizuri," akasema. "Unisindikize hadi steji ya magari."

Nikasimama, nikauondoa ungo ukutani.

"Napeleka hii kwa jirani," nikamwambia.

Nilitembea. Sikukimbia. Jirani wa Kiandutu hakujua lolote juu ya desturi yetu, akaniuliza ungo ni wa nini, nikakaa kwenye kigoda chake mpaka jua likasogea. Kukhu aliniambia baadaye kwamba mama alingoja mlangoni mpaka akakaribia kuachwa na ndege. Nilifurahi. Nakwambia kama ilivyokuwa: nilifurahi sana. Siku hizi mama ameshastaafu, yuko kwetu magharibi, kukhu ameshazikwa, na sisi wawili tukipigiana simu tunazungumza habari za mvua na mbolea.

Lakini niliapa. Nilipopata kazi Maskati na kukabidhiwa mtoto wa siku nne, niliapa kwamba huyu sitamwacha kwa hila. Nikiondoka nitamwambia machoni pake, nitamshika, nitamwacha alie mpaka aridhike. Bibi mzaa baba wa nyumba ile alikuwa ametoka Unguja, kwa hiyo Kiswahili kilizungumzwa na ukutani pale ukumbini ulitundikwa ungo wake wa zamani. Binti akakua akinining'inia shingoni. Kila nilipomsuka nywele alitaka hadithi ya ungo, nami nilimsimulia kwa kuchekesha: watoto wanaonyemelea, jirani anayepepeta hadi mkono unauma, "usikimbie, utaanguka." Kofi sikulitaja. Alijua hadithi nzima kwa moyo, akanisahihisha nikiruka mahali. Aliimba "Ungo imepita" akizunguka meza ya jikoni.

Nilipopata kazi ya Uingereza, mama mwenye nyumba hakunizuia. Alikuwa na ombi moja.

"Usimwambie," akasema. "Atalia, atashikwa na homa, na mimi nina kazi zangu. Siku yenyewe tutamtoa nje kidogo, akirudi wewe ushakwenda."

Nikamwambia hapana, nitamwambia mwenyewe. Hayo yalikuwa majuma matatu kabla. Siku ya kwanza alikuwa na mafua, nikaahirisha. Siku ya pili alikuwa na furaha mno. Nikasema kesho, nikasema Ijumaa, nikasema baada ya mtihani wake. Mpaka asubuhi ya safari nilikuwa sijasema neno, na begi langu lilikuwa ukumbini, na dereva nje amewasha gari.

Binti alitoka chumbani akaliona begi. Ana miaka tisa. Alikuja akalishika gauni langu kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa amesimama kwenye ngazi ananitazama, na dereva akapiga honi. Nilitaka kupiga magoti nimwambie. Badala yake nilihisi hasira ikinipanda, hasira kavu ya ajabu, nikimchukia kwa kunishika, kwa kunichelewesha, kwa kunifanya nionekane nilivyo. Uso wangu ulikuwa umeanza kugeuka, na niliijua ile sura ingawa safari hii nilikuwa ndani yake. Mkono wangu uliinuka, rafiki yangu. Sijui ungemfanya nini. Niliunyoosha hadi ukutani, nikatoa ungo.

"Mpelekee shangazi yako," nikasema. Shangazi yake anakaa nyumba ya pili.

Akautazama ungo. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu, kama mtu anayesoma mahali anapopafahamu.

"Nisubiri mpaka amalize?" akauliza.

"Subiri mpaka amalize."

Akaachia gauni, akaupokea kwa mikono miwili.

"Sitakimbia," akasema.

Nilimwona kwa kioo cha gari akitembea kando ya ukuta, polepole, ungo kifuani. Hakugeuka. Nilimfundisha mwenyewe kwamba mwenye ungo akigeuka ataona.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyawaza chini ya zile nyungo za vanishi. Laini haipo. Mibuni imeng'olewa, bomba limefukiwa, na nadhani mlango wa mwisho ulikuwa pale wanapoegesha magari. Waliojua maana ya ungo wametawanyika au wamekufa, na kijana wa mkahawa alipoona nazitazama sana akaniuliza kama ningependa anipige picha nazo. Nilidhani desturi ile ilizikwa hapa pamoja na wenyewe. Kumbe niliivusha bahari mimi mwenyewe, nikaipanda ndani ya mtoto wa watu, nikicheka.

Simu ililia nikiwa bado sijamaliza kahawa. Ni mama mwenye nyumba, kutoka Maskati, alitaka kujua dawa ya pumu ya binti niliiweka kabati gani. Nikamweleza. Nikamuuliza siku ile ilikwendaje.

Akacheka. Shangazi hakuwa na kitu cha kupepeta, akasema, mchele wao huja kwenye mifuko umeshasafishwa. Binti akakaa kwenye kizingiti cha mlango, akakataa soda, akakataa keki. Ikabidi shangazi amwage mchele safi kwenye ungo na kuurusharusha, naye hajui kupepeta, ukatapakaa jikoni kote. Kila alipotua ungo binti alimwambia bado. Walikwenda hivyo mpaka alasiri. Kisha akauchukua ungo wake, akarudi nyumbani, akautundika mahali pake.

"Hata hakulia," mama mwenye nyumba akasema. "Wala hajakuulizia mpaka leo. Hebu niambie, ulimfanya nini?"