Pikipiki ya Katekista Gaudens

Pantaleo hajui kukaa. Nimepakana naye ukuta miaka kumi na moja pale mtaa wa Gerezani, Dar, mimi nauza spea za pikipiki, yeye anatengeneza, na mpaka ile Ijumaa ninayotaka kuieleza sikuwahi kumwona ameketi muda wa kumaliza kikombe cha chai. Chai anainywa akizunguka. Ugali anaula amesimama mlangoni kwangu, tonge mkononi, jicho kwenye pikipiki ya mtu. Nilimnunulia kigoda cha plastiki, cha bluu, nikamwambia, "Panta, hiki chako, nakuomba ukitumie." Akakifanya meza ya spana.

Mimi ni Mama Jackline, jina la ubatizo Candida, mtu wa Rombo, na nasema wazi kwamba watu wa namna hiyo wananimaliza. Mtu asiyekaa anakufanya na wewe usikae. Upo dukani unapanga mabomba ya breki, unamsikia upande wa pili anafunga nati, anaifungua, anaifunga tena, anaifungua. Anachokikaza kwa mkono wake mwenyewe hakiamini mpaka akikague mara tatu. Wateja wanampenda kwa sababu kazi yake hairudi, lakini wanajua ukimwachia pikipiki asubuhi ukasema ni breki tu, jioni utaikuta imetolewa mpaka taa.

Nilidhani kazaliwa hivyo. Kumbe ana sababu, na sababu yenyewe ilikuja Dar juu ya magunia ya maharage.

Ilikuwa mwezi wa kumi mwaka jana. Lori la Songea lilishusha mzigo Kariakoo, na watu wa mkokoteni wakatuletea kitu kimeviringishwa turubai na kufungwa kamba za katani. Pantaleo akazikata. Ndani kulikuwa na pikipiki, au tuseme mifupa yake: ya Kijerumani, ya zamani, tangi limebonyea, rimu zimeliwa na kutu, injini imeshikana haizunguki hata uisukume watu wawili. Nikamwuliza kama ameanza biashara ya chuma chakavu. Hakucheka. Alipitisha kiganja juu ya tangi, akasema, "Hii niliiua mimi, Mama Jackline. Nilikuwa na miaka kumi na sita."

Nikaacha nilichokuwa nafanya, kwa sababu Pantaleo huwa haongei habari za kwao. Baba yake, Mzee Gaudens, alikuwa katekista huko Ungoni. Parokia ilimpa pikipiki hiyo azungukie vigango vitano: kufundisha watoto, kuombea wagonjwa, kuzika pale padri anapochelewa. Jumapili moja Pantaleo akaichukua bila ruhusa, akaiongezea petroli, akaenda kutamba mbele ya wasichana waliokuwa wanatoka misa. Haikumaliza kilometa tatu. Injini ikakwama ghafla, tairi la nyuma likajifunga, naye akaishia mtaroni. Spea hazikupatikana. Padri alimsamehe mbele ya kanisa zima, na baba yake akatembea vigango vyote kwa miguu miaka tisa mpaka alipostaafu. Mzee hakumgombeza hata siku moja.

"Bora angenichapa," Pantaleo akasema. Mwaka uliofuata alitoroka kuja Bongo kujifunza ufundi.

Nikamwuliza injini ilikwama kwa sababu gani. Akasema, "Petroli. Niliweka petroli isiyofaa," kisha akainuka kwenda kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Nami nikabaki na jibu hilo. Kazi yangu ni kuuza, si injini, na pikipiki ninazozijua ni hizi za bodaboda. Kwangu petroli isiyofaa ilikuwa kitu kimoja tu, ile iliyochakachuliwa. Kila wiki kuna dereva ananililia injini imekufa kwa sababu mtu alimwuzia petroli iliyotiwa mafuta ya taa. Kwa hiyo nilielewa, au nilidhani nimeelewa.

Mwaka mpya ulipoingia ikajulikana Mzee Gaudens anakuja Dar baada ya Pasaka kutolewa mtoto wa jicho. Atakaa kwa Pantaleo wiki mbili, Jumamosi ya mwisho arudi kwa basi la alfajiri. Alikuwa na miaka themanini na moja, na mwenyewe alisema wazi kwamba hiyo ndiyo safari yake ya mwisho mjini. Basi Pantaleo akajiapiza: baba ataipanda kabla hajaondoka.

Tangu hapo sikuwa na jirani, nilikuwa na mashine ya kusaga. Silinda ilipelekwa kuchongwa, ikarudi imezidi, ikatafutiwa pistoni ya injini ya boti, ikachongwa tena. Siku tuliyoitaka irudi kutoka kwa mchongaji wa Magomeni mvua ikanyesha, Jangwani ikajaa, njia ya Magomeni ikafungwa, na Pantaleo akashinda barabarani anatazama upande wa bondeni, kama vile maji yatapungua yakimwonea haya. Ilipowaka mara ya kwanza, tulipiga makofi mtaa mzima. Ikazima. Ikawaka, ikazima. Boya la kabureta lilikuwa na tundu, likazibwa kwa risasi ya kuchomelea. Ikakubali kuwaka, ikakataa kutulia. Ikatulia, ikaanza kuvuja. Ikaacha kuvuja, klachi ikawa inateleza.

Ugonjwa mbaya kuliko yote ulikuwa wa joto. Ilikuwa inakwenda vizuri dakika kumi, kisha moto wa plagi unapotea. Ikipoa, inawaka tena bila kinyongo. Mara ya tatu ilimzimikia karibu na kituo cha mwendokasi, basi nyuma yake linapiga honi, abiria wanamshauri aitupe. Ridhiwani, jirani yetu mtu wa Lindi anayesuka mota za feni, ndiye aliyeiponya. Aliichukua koili, akaitazama, akasema nyaya zimechoka, zikipata joto zinaachana. Akaisuka upya kwa siku mbili akiimba. Pantaleo alimsimamia kichwani siku zote mbili.

"Kaa chini, mzee, unanizibia mwanga," Ridhiwani akamwambia.

"Niko poa," Pantaleo akajibu, na hakuwa poa.

Mzee akaja, akatolewa mtoto wa jicho, akafungwa jicho moja kitambaa cheupe, jingine likabaki na ukungu wake. Zikabaki siku tatu, zikabaki mbili. Pantaleo akakonda. Nilianza kumwogopea, na woga wangu mimi huwa unatoka kama hasira. Nilimwambia kama pikipiki haitawaka baba yake hatakufa, na yeye akanijibu taratibu, "Mimi je?"

Ijumaa asubuhi kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa waya wa klachi. Pantaleo akakimbilia Kariakoo kuutafuta, tangi tupu, kwa sababu lilikuwa limeoshwa kutu usiku wa kuamkia siku hiyo. Chini ya meza aliacha dumu la lita tano, lina kitambaa chekundu shingoni. Evarista, mkewe, alikuwa ameshapiga simu kwamba anakuja na mzee. Nikasema nisaidie hata kidogo, nijaze tangi wakute tayari. Nikafungua dumu. Petroli ilikuwa na rangi ya chai, nzito, ina utelezi kwenye mdomo wa dumu.

Nikasema wamempiga, fundi wa watu, wamemwuzia petroli iliyochakachuliwa, na kwa kiherehere alichonacho hata hakuitazama. Injini aliyoiua kwa petroli mbaya, anataka kuiua tena mbele ya baba yake. Nikaimwaga kwenye beseni, nikampa Ridhiwani aoshee mota. Nikalisuuza dumu, nikaenda mwenyewe kituoni, nikanunua petroli safi, nyeupe, nikaijaza kwenye dumu, tangi nikamwachia mwenyewe. Kitambaa chekundu nikakirudisha shingoni vilevile. Nilijisikia vizuri sana. Nikaamua nisimwambie mpaka mambo yaishe, nisimwongezee wasiwasi.

Pantaleo akarudi anahema, akafunga waya, akamimina dumu tangini bila hata kulitazama, jicho lake likiwa barabarani. Evarista akamshusha mzee kutoka kwenye bajaji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Mama Jackline anayesemwa?"

"Sijui wamesema nini, baba."

"Kwamba una maneno," akasema, akacheka kidogo. Kisha akanyoosha mkono, na Pantaleo akampa bega lake alishike, akamfikisha kwenye pikipiki. Mzee akaigusa kuanzia taa mpaka kiti. Alipofika kwenye tangi, pale palipokuwa pamebonyea, mkono ukasimama. Pantaleo alikuwa amepanyoosha pote akaacha sehemu ndogo tu, na mzee akaijua.

Pantaleo akapiga kiki. Ya pili ikawaka. Iliwaka vizuri mno, sauti nyembamba, ya haraka, na mimi niliyekuwa nimeichoka kuliko mtu yeyote nikaona machozi yananilengalenga. Evarista alikuwa anarekodi kwa simu. Pantaleo alichuchumaa kwenye kabureta, anarekebisha kisichohitaji kurekebishwa. Mzee aliinamisha kichwa. Akanusa. Akanusa tena, akauzungusha mkono wake mpaka nyuma kwenye eksozi.

"Zima," akasema.

"Baba, bado inapasha—"

"Zima, Pantaleo."

Akazima. Mzee akauliza, "Umechanganya?"

"Nimechanganya tangu juzi. Kwa kipimo, mara mbili nimepima."

Mzee akafungua tangi kwa kupapasa, akachovya kidole, akakisugua na dole gumba. Akanyoosha mkono kwetu tuone. "Yenye oili inaacha utelezi. Hii kavu."

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho muuza spea alipaswa kukijua. Injini ile haina oili yake chini. Oili inachanganywa kwenye petroli kabla ya kuwekwa, na bila hiyo inajisaga mpaka inashikana. Ile rangi ya chai ndiyo ilikuwa uzima wake. Pantaleo alikuwa ameshikilia dumu, anakitazama kitambaa chekundu, na uso wake sitausahau. Hakushangaa. Alikuwa na uso wa mtu aliyejua siku zote kwamba mkono wake utarudia.

"Nimefanya tena," akasema.

"Hujafanya," nikasema. "Ni mimi." Nikaeleza yote, rangi, beseni, kituo cha mafuta, na aibu ikinipanda mpaka masikioni. Nilitegemea anitukane, nilistahili. Lakini aliyeongea ni mzee.

"Na kitambaa ulikirudisha?"

"Nilikirudisha, baba. Palepale shingoni."

"Basi yeye angejuaje," mzee akasema, polepole.

Magari yalipita, mtu mmoja akaja kuulizia tairi nikamfukuza kwa mkono. Mzee alikuwa ameshika tangi kwa mikono miwili.

"Nyumbani tulikuwa na madumu mawili," akasema. "Lenye kitambaa chekundu la mchanganyiko, lisilo na kitambaa la petroli tupu. Pantaleo, siku ile ulichukua lipi?"

"Nilidhani lenye kitambaa."

"Hukudhani. Ndilo ulilochukua."

Pantaleo akaliweka dumu chini.

"Oili iliisha Jumamosi. Nikajaza petroli tupu, nikafunga kitambaa kwa mazoea, nikasema nitaiongeza nikitoka misa ya kwanza. Nilipotoka ulikuwa umeshaondoka nayo."

"Ulijua?"

"Nilijua pale pale mtaroni, kabla Padri hajafungua tangi."

"Miaka thelathini, baba."

"Padri alikusamehe mbele ya watu. Wewe ulikuwa mtoto, mimi ndiye nilikuwa na ukatekista wa kupoteza. Nikasema, huyu ameshasamehewa, yamekwisha, nikisema mimi sasa nitafungua upya. Nikawa natembea kwa miguu. Parokia ilitaka kuninunulia baiskeli, nikakataa. Nilidhani nikitembea inatosha." Akageuza lile jicho lenye ukungu upande alikodhani mwanawe yupo. "Injini hii haijaumia. Haikuwaka hata dakika mbili. Itieni oili, tupande."

Nilikimbilia dukani, nikapindua rafu nzima kutafuta kopo la oili ya boti, nazo hunywa mchanganyiko, nililowahi kuletewa kwa makosa. Nililipata, nikarudi nalo. Evarista alikuwa ameshusha simu. Pantaleo alikuwa mbele ya kile kigoda cha bluu, anaondoa spana moja moja, anaziweka chini, bila haraka, mpaka kikawa kitupu. Kisha akakaa. Mikono yake aliiweka juu ya magoti, haikushika kitu.

Mzee alibaki amesimama pembeni ya pikipiki, mkono mmoja kwenye tangi, mwingine ameunyoosha mbele akitafuta lile bega alilolishika mwanzo. Miaka kumi na moja nimemwambia mtu huyu akae chini. Nilisimama na kopo langu la oili, namwomba Mungu, Panta ainuke.